Nilipima wanakondoo mwaka mzima, mama zao sikuwapima

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, pikapu iliingia kwangu kuchukua kondoo kumi na wawili wa mke wangu.

Wakuu, nawasalimu wote, mnaofuga na mnaofikiria kufuga. Namba zote nitakazoandika hapa zimo kwenye daftari langu, pamoja na zile zinazoniaibisha. Sina cha kuuza na sitafuti mteja.

Ninaishi kati ya Kisumu na Muhoroni, kwenye uwanda wa chini, ule ambao mvua ikizidi maji yanakuja kukutembelea nyumbani. Mke wangu, Mama Atieno, amefuga kondoo wa kienyeji tangu tuoane. Ni wadogo, rangi ya udongo. Mtu mzima anaweza kumbeba mmoja mabegani.

Nilipopata kiinua mgongo, nilinunua majike wanane chotara wa Dorper, kondoo wakubwa wa nyama. Kila mmoja shilingi 19,000. Jumla 152,000.

Kwa nini wakubwa? Nilisoma sana, hilo ni kweli. Lakini pia huku kwetu mgeni akifika, kabla hajakaa ameshaangalia zizi. Mnyama mkubwa ni heshima. Shemeji zangu walipowaona wale wanane walitikisa vichwa kwa furaha, nami nilifurahia kutikisa huko.

Tulitumia dume mmoja kwa makundi yote mawili. Wakazaa. Kila mwezi niliwaning'iniza wanakondoo kwenye mizani ya samaki, ile ya kilo hamsini, na kuandika. Walipoachishwa ziwa wakiwa na miezi minne, watoto wa mama wakubwa walikuwa na wastani wa kilo 21. Wa mama wadogo, kilo 14 na nusu.

Kwangu hesabu ilikuwa imeisha. Niwauze wadogo wote kwa 6,500 kila mmoja, niongeze wakubwa wanne. Malisho yetu hayawezi kubeba makundi yote mawili kiangazi kikija.

Ndipo pikapu ikaja. Mnunuzi ni kijana wa Mamboleo, tumwite Odhis. Alishuka, akafungua nyuma ya gari.

Mama Atieno alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, mikono kiunoni.

"Baba Atieno, hawa wana kosa gani?"

"Ni wadogo. Watoto wao ni kilo kumi na nne na nusu. Wale wengine ishirini na moja. Imeandikwa."

"Wale wengine wanakula kama wageni wa matanga."

Odhis alicheka hadi akashikilia mlango wa gari. "Mama, wageni wa matanga hata hubeba nyama kwa mfuko!"

"Hata hawa wangebeba, ni vile hawana mfuko." Kisha akanigeukia, bila kucheka. "Kila mwezi unaning'iniza watoto. Mama zao ulipima lini?"

Nilifungua daftari mbele yao. Nikageuza kurasa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakipo.

Wakuu, nawaeleza kazi niliyofanya miaka kumi na tisa ili mwelewe aibu yangu. Nilikuwa karani wa mizani ya miwa. Trekta inaingia na mzigo, unapima. Inatoka tupu, unapima tena. Mkulima analipwa tofauti. Hakuna siku hata moja niliyomlipa mtu uzito wa trekta.

Na nyumbani kwangu nilikuwa nahesabu mzigo tu. Trekta yenyewe, ambayo inakunywa mafuta kila siku, sikuipima. Sababu yangu ilikuwa kwamba jike mkubwa alizidi kilo hamsini, mizani ile haimwezi.

"Jaduong', mzee wangu," Odhis akasema, "mimi nimekuja kununua kondoo, sikuja shule. Tunapakia ama hatupakii?"

"Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili bei itakuwa ingine."

"Sawa."

Alifunga gari. "Watu wa daftari," alisema akipanda, "hula kondoo akiwa ameshazeeka."

Jumatatu nilienda ziwani, kwa dada yangu anayeuza samaki wa mbuta kwa jumla. Aliniazima mizani ya kilo mia moja. Nilimfunga kila jike kwenye gunia lenye matundu manne ya miguu, tukamvuta juu kwenye boriti. Wakubwa, wastani kilo 61. Wadogo, kilo 33.

Halafu nikatenganisha makundi kwa siku saba, nikapima nyasi kavu asubuhi na mabaki jioni. Nilitarajia mkubwa ale karibu mara mbili ya mdogo. Sivyo. Mkubwa alikula kilo 1.7 kwa siku, mdogo kilo 1.05. Mwili ukiongezeka, chakula hakiongezeki sawasawa nao. Hilo niliandika pia, kwa sababu lilikuwa upande wangu.

Lakini tazameni kundi zima. Wakubwa wanane walikula kilo 13.6 kwa siku. Wadogo kumi na wawili, kilo 12.6.

Wanane walikuwa wamenipa wanakondoo saba. Mmoja wa mama hakushika mimba. Kumi na wawili walitoa kumi na watatu, maana kulikuwa na pacha, hata baada ya mmoja kufa.

Saba mara 21 ni kilo 147. Kumi na watatu mara 14 na nusu ni kilo 188 na nusu. Chakula kidogo zaidi, nyama nyingi zaidi.

Nilimpigia Odhis nikamwambia asije.

Hata hivyo sikukubali kushindwa. Nilijiambia watoto wa wakubwa watalipa sokoni. Walipofika miezi minane nikampeleka mmoja, pamoja na mmoja wa wadogo, kwa Bwana Hamisi, mwenye bucha mjini Kisumu.

Hamisi hapimi. Anabonyeza mgongo kwa vidole viwili. Yule mdogo, kilo 25, alimbonyeza mara moja tu. "Huyu ameiva. Elfu saba mia tano." Yule mkubwa, kilo 32, alimpapasa mara tatu.

"Mzee, huyu ni urefu tu. Mgongo wake ni kama kitana. Elfu nane."

"Elfu nane? Ana kilo saba zaidi!"

"Za mifupa. Mlishe miezi mitatu, umrudishe." Kisha akaongeza, "Na usimkuze sana. Mteja wangu ananunua mguu mzima. Mguu ukikataa kuingia kwenye sufuria, ananirudishia mimi, hakurudishii wewe."

Hilo ndilo sikuwa nimeelewa katika kusoma kwangu kote. Mwanakondoo hujaza mgongo kulingana na ukubwa atakaofikia. Mtoto wa mama wa kilo 33 ameiva akiwa na 25. Mtoto wa mama wa kilo 61, kwa 32 bado ni mtoto. Anajenga mifupa kwa gharama yako.

Niliwalisha wale saba miezi mitatu zaidi, katikati ya mvua, kwato zikioza kwenye tope. Walifika kilo 40, nikauza kwa 10,500 kila mmoja. Chakula cha kununua na dawa vilikula 2,600 kwa kila kichwa. Nilibaki na 55,300. Wale kumi na watatu wa Mama Atieno walikuwa wameuzwa zamani kwa 97,500, na walikula majani ya barabarani na vilele vya miwa tu.

Sisemi wakubwa ni wabaya. Mwenye malisho makavu, na mnunuzi anayelipa kwa kilo, huenda hesabu yake ikawa tofauti na yangu. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa mama uamuliwe na malisho yako pamoja na sufuria ya mteja wako. Na kabla hujasifu mtoto, pima mama, na pima anachokula.

Mwenye namba zake azilete hapa, hasa kama amepima majike wa kilo 40 hadi 45. Nashuku jibu la uwanda wetu liko karibu na hapo, lakini sijapima, kwa hiyo sijui. Mwenye kunicheka pia anakaribishwa, atapanga foleni nyuma ya shemeji zangu.

Wale wanane niliwauza mwezi uliopita, 14,000 kila mmoja. Jioni hiyo Mama Atieno alikuwa anachambua mboga, akaniuliza jumla yote imekuwaje. Nilimsomea bila kuruka mstari. Kununua, 152,000. Nyasi, chumvi na daktari kwa mwaka, 46,600. Yaliyorudi kutoka kwa watoto, 55,300. Yaliyorudi kutoka kwa mama zao, 112,000.

Akaniuliza, "Kwa hiyo?"

Hasara, shilingi 31,300.