Joto la Kushika Moto

Stovu ya jirani yangu ililipuka Jumamosi moja asubuhi, katikati ya miaka ya tisini. Alikuwa mwalimu wa historia, mgeni kutoka bara kama mimi niliyefundisha kemia, na nyumba zetu zilipakana katika shule ya upili mjini Garissa. Nilisikia kishindo, kisha mayowe. Nilimkuta uani, mkono wake wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko.

Nilipotoka kumfikisha hospitali, niliunusa mtungi wake wa mafuta ya taa. Kulikuwa na harufu ya petroli, hafifu, lakini ilikuwepo. Nikaubeba hadi duka alikoyanunua.

Mwenye duka, mzee wa Kisomali ambaye sote tulimwita Haji, alisimama alipouona.

"Mwalimu, unataka kuharibu jina yangu? Mafuta yangu ni safi. Stovu yake ndiyo mbaya."

"Haji, sijakulaumu. Twende maabara uone mwenyewe."

"Twende. Na kama ni safi, utasema mbele ya watu wote."

Shemeji yake akatufuata, akinitazama kana kwamba nimeiba. Shule ilikuwa tupu. Nilipokuwa nafungua mlango nilijiambia kwamba kama pua yangu imenidanganya, sitaweza kuishi tena katika mji huu.

Niliwaeleza kazi yenyewe. Mafuta ya taa yakipashwa hutoa mvuke, na kuna kiwango cha joto ambapo mvuke huo hudaka moto. Mafuta mazuri hayafiki hapo mpaka uyapashe. Basi unayaweka katika kikombe ndani ya maji, unaongeza joto polepole, unapitisha kijiti chenye moto juu yake, na macho yako hayaachi kipimajoto.

Nilianza na mafuta ya shule. Niliyapoza kwanza kwa maji ya mtungi wa udongo, maana chumba chenyewe kilikuwa kama tanuri. Nikapitisha kijiti. Kimya. Nikaongeza maji moto, nikapitisha tena. Kimya. Zebaki ilikuwa imevuka arobaini na kupanda zaidi ndipo ulimi mdogo wa buluu uliporuka na kufa.

"Haya ndiyo mazuri," nikasema.

Nikamimina ya Haji, kutoka kwenye mtungi wa jirani. Nikamwaga kidogo mezani, nikafuta. Nikabadilisha maji, nikangoja kikombe kipoe kabisa.

"Sogeeni nyuma."

Kijiti hakikufika hata ukingoni. Moto uliruka kukidaka, ukaniunguza malaika ya mkono. Nilifunika kikombe kwa kifuniko cha sufuria na kusimama pale nikihema.

Haji aliinama, akachovya kidole ndani ya maji.

"Hii maji ni baridi," akasema.

"Ndiyo."

"Mke yangu anabika na hii mafuta. Sasa hivi anabika."

Tulikimbia. Shemeji alitutangulia. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, jikoni ni kibanda cha mabati. Mkewe Haji alikuwa amechuchumaa mbele ya stovu inayowaka, mtungi wa mafuta uko wazi mkononi, akitaka kuongeza. Haji alipiga kelele kwa Kisomali kutoka langoni. Sikuyaelewa maneno, ila yule mama aliganda.

"Mwambie afunge mtungi. Arudi nyuma polepole."

Haji akatafsiri. Mama alifunga, akarudi hatua kwa hatua, ameukumbatia mtungi kama mtoto. Shemeji alikuwa ameshika ndoo ya maji. Nikamzuia, maana maji yangesambaza mafuta yanayowaka, nikajaza karai mchanga wa uani, nikaumimina juu ya stovu, sufuria na kila kitu. Moto ukazimika.

Mama akanigeukia kwa hasira, akauliza, kama Haji alivyonitafsiria baadaye, ni nani huyu anayetia mchanga kwenye nyama yake. Haji alipomweleza, aliketi chini pale pale.

Adhuhuri, kipaza sauti cha msikiti kiliwaambia watu wasiwashe taa wala stovu kwa mafuta yale. Walirudisha mitungi mpaka jioni. Nani aliyachanganya hatukujua kamwe. Haji alimlaumu dereva wa lori, dereva akalaumu pipa.

Haji alikwenda hospitali siku iliyofuata, akasimama mlangoni mwa wodi. Jirani yangu aligeukia ukutani. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka akaambiwa akae. Mkono ulipona, ngozi ikabaki imekunjamana. Jirani alinunua jiko la makaa, na muhula ulipokwisha akaomba uhamisho. Mimi nilibaki. Kila lori lilipoleta mafuta, Haji alikuja shuleni na chupa ndogo, akangoja nje ya maabara mpaka nimalize.