Mwizi wa Tuta Langu

Nina hasira mpaka sasa ninapoandika. Cheka tu, wewe hujawahi kuibiwa tuta. Tuta la kurukia baiskeli! Nililijenga nyuma ya jiko letu kwa udongo wa kichuguu, nikaukanyaga mpaka ukashikana kama ugali, nikaufunika majani usipasuke, kama wanavyofanya wafyatua matofali wa hapa Kasulu. Jumamosi vijana wa kijiji cha Titye wanakuja kushindana, na darasa zima nimeshalitambia kwamba nitapaa.

Leo natoka shule, tuta hakuna. Yamebaki majani.

Nani mwingine ana njaa ya udongo kama si Baba Neema, jirani yetu mfyatua matofali? Nikamvamia kwenye tanuri lake. Hata shikamoo sikutoa.

"Rudisha udongo wangu!"

"Udongo gani tena, we mtoto?"

"Wezi wote huuliza hivyohivyo!"

Watu wakajaa. Mimi nikaona nimepata jukwaa, nikapanda juu ya matofali yake na kutangaza kwamba aliyeiba udongo wangu ni mvivu, hana haya, na mikono yake ikauke.

Mama akatokea jikoni kwetu, hatua chache tu kutoka tanurini, matope hadi viwikoni. Nyuma yake ukuta wa mbele wa jiko, ule ninaoahidi kuukandika tangu mvua zianze, ulikuwa mbichi, laini, umependeza.

"Mikono yenyewe hii hapa," akasema. "Na Baba Neema ndiye niliyemsimulia asubuhi kwamba mwanangu safari hii kanikumbuka, kaniandalia udongo wa kukandikia."