Gundi ya mirija miwili ilivyomfunga pumzi dada yangu, ndani ya seng'enge ya Garissa

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaosoma mkiwa nyumbani na mnaochungulia simu kazini.

Nimeona uzi wa kijana anayemwaga meza za epoxy. Anasema amepata aina "isiyo na sumu kabisa" na kwamba gloves ni za waoga.

Mimi ni mzee wa Garissa. Maisha yangu yote nimenunua, nimeuza na nimebishana bei, kwa hiyo neno "kabisa" likitoka mdomoni mwa muuzaji huwa naanza kuhesabu vidole vyangu. Nawaeleza niliyoyaona kwa macho. Wa kunipinga anipinge, ila asome mpaka chini kwanza.

Ilikuwa miaka ya sitini, wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa Kisomali huku kwetu.

Watu wetu walikusanywa kutoka malishoni, wakawekwa ndani ya seng'enge nje ya mji. Mahali penyewe paliitwa kijiji. Ni kijiji cha aina gani ambacho ukitoka kwenda haja unapigwa risasi, mpaka leo sijaelezwa.

Ngamia walibaki nje. Baadaye hawakubaki popote.

Mimi nilikuwa na kibali cha kuingiza sukari na majani ya chai, kwa hiyo nilikuwa naingia na kutoka. Dada yangu mkubwa, Dahabo, alikuwa ndani.

Maji yalichotwa mtoni, safari moja kwa siku, askari mbele, askari nyuma. Debe zilikuwa chache na zilikuwa na wenyewe. Wengi walitegemea haan, vile vyombo vyetu vya maji vinavyosukwa kwa mizizi. Haan ikipasuka, nyumba hiyo imekaa na kiu mpaka kesho, na kesho itavuja tena.

Dahabo ndiye aliyekuwa mzibaji. Zamani alitumia malmal, utomvu wa mti wa miiba. Unaupasha moto na mafuta ya mkia wa kondoo, unatia majivu, unaziba. Malmal haina neno. Watu wanaitafuna, wanasafishia kinywa. Ndiyo maana kazi yote aliifanya kwa kidole na jino: anatafuna kipande kidogo ajue kama kimeiva.

Lakini malmal iko porini, na porini kulikuwa na bunduki. Akabaki na kifuko kimoja tu.

Hapo ndipo nilipomwendea Mutiso, fundi wa pampu ya maji, mtu wa Kitui. Alikuwa na gundi ya kuungia mabomba, ile ya mirija miwili unayochanganya. Sasa hivi mnaiita epoxy.

Nilimtolea ngozi ya mbuzi. Akasema ngozi anayo yake, ameivaa. Tukaishia kopo la samli kwa mirija minne. Niliihesabu, nikaihesabu tena, ilikuwa minne.

"Nusu kwa nusu," aliniambia. Nikamfikishia Dahabo hivyo hivyo.

Mrija mmoja ulikuwa mzito kama asali. Wa pili, huo wa kugandisha mnaouita hardener, ulinuka samaki aliyeoza. Dahabo akachanganya kwa kidole kama alivyozoea. Akaonja kwa jino kama alivyozoea.

Haan ya kwanza haikuvuja tone. Kufika jioni mlangoni pake palikuwa na foleni.

Hazikupita siku nyingi vidole vikaanza kumwasha, kisha vikapasuka. Midomo ikavimba.

Dada yangu hakuwa mtu wa kukaa akilia. Aliamua kuifanya gundi iwe mpole.

"Huyu anayenuka ndiye mchokozi," akasema. "Tumpunguze."

Akatia hardener nusu ya kipimo, akaongeza malmal ya unga kutoka kwenye kile kifuko. Harufu ikapungua kweli. Tukafurahi.

Wakuu, ile kitu haikukauka. Ilibaki inanata kama tende. Maji yakawa machungu. Wanawake wawili waliobeba mgongoni haan zilizozibwa kwa mchanganyiko huo wakatoka vipele, na mikono ya Dahabo ikawa mibaya kuliko mwanzo.

Mutiso alipokuja kutengeneza pampu ya askari upande wetu, nikampeleka kwa Dahabo. Walizungumza Kiswahili, cha dada yangu kikiwa cha sokoni, p zote zinageuka b.

"Mama, uliweka nusu kwa nusu?"

"Nimebunguza hii ya kunuka. Iko na sumu."

"Zote mbili zina sumu. Zikilingana zinamalizana. Ukipunguza moja, ile nyingine inakosa mwenzake, inakutafuta wewe."

"Na ulijua, ukauzia sisi?"

"Nilimwambia ndugu yako."

Dahabo akanitazama. "Huyu ukimwambia nusu, yeye anasikia robo."

Mutiso alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Wakaanza upya. Vipimo sawasawa, vimelinganishwa kwa kifuniko cha chupa. Kuchanganya kwa kijiti. Mikono imefungwa vitambaa. Kazi inafanyika nje, upepo ukiwa mgongoni. Wakatia majivu ya mifupa yaliyochekechwa, ili gundi itumike kidogo. Kisha haan inaachwa juani mpaka ukucha ushindwe kuacha alama, na maji ya kwanza yanamwagwa.

Ikakauka ngumu kama pembe. Maji hayakuwa na harufu. Hakuna aliyetoka kipele.

Yaani tulikuwa tumeipata njia.

Isipokuwa Dahabo mwenyewe. Mwili wake ulikwisha kuijua ile gundi. Mrija ukifunguliwa tu, macho yanavimba yanafunga, kifua kinapiga filimbi. Na kila mara kiasi kidogo zaidi kilitosha kumbana. Mhudumu wa dawa alimpa vidonge vyeupe, akamwambia aepuke vumbi. Garissa, aepuke vumbi.

Akawafundisha wanawake wawili kwa mbali, anapaza sauti kutoka upande upepo unakotokea. "Sawasawa, nimesema. Na usilambe kidole, wewe." Watu wakija kumshukuru, anawainulia mkono wasimkaribie, kwa sababu nguo zao zilikuwa na harufu.

Nilimwambia tuache, watu watafute debe.

"Debe ziko wapi, walaal, ndugu yangu?"

Nikarudi kwa Mutiso na kopo jingine la samli.

Siku moja mchana upepo uligeuka. Wale wanawake walikuwa wamechanganya gundi ya haan za nyumba nyingi kwa mpigo, kwa sababu kundi jipya lilikuwa limeletwa bila vyombo. Nilimkuta Dahabo amekaa, mikono magotini, anavuta hewa haiingii. Tulimbeba mpaka langoni. Hospitali ya mji ilikuwa inaonekana kutoka pale, paa la bati linamulika.

Askari wa lango alikuwa mpole. Alisema mwenye ruhusa ya kufungua amekwenda kula.

Nilibishana. Kazi yangu ni kubishana. Niliahidi kila nilichokuwa nacho, na vingine ambavyo sikuwa navyo. Dahabo alinishika mkono niache kusema, kisha mkono ukalegea.

Maji ya kumwoshea yaliletwa na zile haan. Hazikuvuja.

Funzo langu, kwa yeyote anayetaka: gundi ya namna hii inapunguzwa ukali, haiishi ukali. Ratio usiiguse kwa hisia. Vaa gloves, fungua madirisha, usipime kwa pua wala kwa ulimi. Na mwili ukishaikataa, umeikataa maisha, hakuna kurudi mezani kujadiliana.

Hayo yalijulikana kwetu kwa njia hiyo, na sidhani yamemfaa mtu.

Kijana wa meza, sina ugomvi na wewe. Tuambie hardener yako ni ipi, na utuwekee picha ya vidole vyako. Meza tumeiona.

Na wengine mliofanya kazi na gundi hizi mkaanza kuwashwa mkanyamaza, andikeni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.