Kifurushi cha Kwanza Kwenda Karen

Niliondoka Mutuini Jumamosi asubuhi kwa sababu muda niliopewa ulikuwa unakwisha. Mjomba Kimeu, ninayeishi kwake tangu nimalize chuo, alikuwa amenikopesha pikipiki yake nianzishe kazi ya kusafirisha vifurushi mjini. Sharti lake lilikuwa moja: nipate mteja wa kudumu, hata mmoja tu. Nisipompata, Jumatatu pikipiki ingerudi stejini kubeba abiria kama zamani. Ninyi wa nyumbani Makueni mnajua Mjomba si mtu wa kusema mara mbili.

Shida ni kwamba wakati ule wote nilikuwa sijatafuta wateja. Nilikuwa nikiandika sheria. Niliwaza mzigo ukiibiwa nitasema nini, mtu akikana kwamba alipokea nitajiteteaje, nikipeleka na mwenyewe hayupo nitaulizwa nini. Kwa kila hofu nilitunga sheria, nikazichapisha kwenye kadi nyeupe. Nilizojivunia zaidi ni mbili: hatuondoki mpaka mpokeaji athibitishe yupo, na mzigo haukabidhiwi mtu mwingine ila mwenyewe.

Kinoo ilikuwa kituo cha kwanza. Nilipitia njia za ndani za Dagoretti nikatokea Waiyaki Way, nikasimama kwenye duka la vipuri vya magari. Mwenye duka, mama mnene aliyejifunga leso juu ya suruali, aliisoma kadi yangu mbele na nyuma.

"Hii ni kadi ama katiba?" akauliza.

Vijana waliokuwa wakibadilisha gurudumu nje wakacheka. Nikaanza kumweleza umuhimu wa kila sheria. Alinisikiliza kwa muda, kisha akanirudishia kadi.

"Kijana, hapa kila mtu ako na mtu wake wa boda. Wangu nikimpigia, ashafika kabla nikate simu. Wewe mpaka tumalize kusoma, mteja ameenda kwingine."

Nikashika Waiyaki Way kuelekea mjini nikimjibu moyoni. Nilipata jibu zuri sana nikiwa nimeshapita Westlands.

Katikati ya jiji niliegesha pikipiki na kutembea duka hadi duka. Wa simu walisema wana watu wao. Wa viatu hawakuinua macho. Jua lilikuwa limeanza kuchoma nilipoingia duka la Bi Rukia, mama wa makamo kutoka Mombasa, anayeuza kanzu, mabuibui, udi na manukato. Alikuwa na wateja wawili mbele yake na simu sikioni, akiongea kwa sauti ya chini. Alipokata, alinitazama, akaitazama helmeti mkononi mwangu.

"Wewe wabeba vitu? Karen wapajua?"

"Napajua, mama."

"Alhamdulillahi. Kijana wangu leo ana mtoto hospitalini." Akatoa chini ya meza kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa uzi. "Hivi ni vya Mzee Mahmoud Said. Wavingoja, wataka kuwahi adhuhuri. Nyumba nimekuandikia hapa, na nambari hii ni ya mwanawe. Ukinifikishia hivi vyema, mizigo yangu yote ya upande ule nitakupa wewe."

Nilimuuliza jina linaandikwaje. Nilimuuliza kama kifurushi kinaweza kulowa, kama kinaweza kulazwa, kama kuna kitu cha kuvunjika. Alinijibu huku akimpimia mtu kanzu. Nilikinusa. Kilikuwa na harufu kali kama ya dawa ya nondo, ile bibi yangu huweka kwenye blanketi za wageni. Nikajiambia ni kanzu mpya ya mzee wa kuheshimika, na wanamngojea kwenye sherehe.

Barabara ya Ngong ilikuwa wazi kuliko kawaida. Ningefika mapema. Lakini nilipokaribia Dagoretti Corner nilikumbuka kwamba mpokeaji hajathibitisha yupo. Nikaingia kwenye kituo cha mafuta, nikapiga ile nambari. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikaandika ujumbe mrefu wa heshima, nikaufuta, nikaandika mfupi. Kisha nikakaa juu ya pikipiki kungoja nijibiwe. Je, nikienda na hayupo? Nikiacha kwa jirani? Bi Rukia je, hatasema nimetupa mzigo wake? Mhudumu wa pampu aliniuliza kama nimeharibikiwa. Nilimwambia nafuata utaratibu.

Nilipoondoka pale hakuna aliyekuwa amenijibu, na saa sita ilikuwa imepita.

Karen niliipata nyumba bila taabu. Magari yalikuwa yameegeshwa kando ya ua wa michongoma tangu mwanzo wa njia, na wanaume wenye kanzu na kofia walisimama vikundi vikundi. Hakuna aliyekuwa akicheka, lakini nilidhani ndivyo watu wa huku walivyo. Langoni palikuwa na mlinzi. Jina lake Musyoka, nililisoma kifuani, nikafurahi kupata mtu wa kwetu.

"Nimeleta mzigo wa Mzee Mahmoud Said."

"Lete nipeleke. Wamekuwa wakiulizia."

"Siwezi. Lazima apokee mwenyewe."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe ametaga yai. "Mwenyewe nani?"

"Mzee Mahmoud. Ndiyo sheria ya kampuni."

"Kampuni iko wapi?"

"Ni mimi."

"Ndugu yangu," akasema kwa Kikamba, polepole, "wewe ni mzima?"

Nilimwonyesha kadi. Nilimwambia nimekuja kutafuta kazi, si kutafuta ugomvi, na kwamba nikimpa yeye halafu kitu kipotee, tutalaumiwa sote wawili. Gari likaja nyuma yangu, akaenda kulifungulia, na baada ya hilo jingine. Nilibaki nimekikumbatia kifurushi, nikijipongeza kwa msimamo. Hatimaye aliingia ndani akitikisa kichwa.

Aliyetoka alikuwa msichana wa rika langu, mtandio umemteleza mabegani, mikono imelowa.

"Wewe ndiye unamtaka Baba?"

"Ndiyo. Ni mzigo wake."

"Baba ameshaoshwa," akasema. "Yuko ndani, amefunikwa shuka, anangoja hiyo sanda yake. Sasa atatokaje kukuwekea sahihi?"

Nilimpa. Alikichukua kwa mikono miwili na kukimbia nacho. Musyoka hakunitazama tena. Nikiwa bado pale, mmoja wa wale wanaume alitazama saa na kuwaambia wenzake kwamba sala ya adhuhuri imeshapita, maziko sasa ni baada ya ile ya alasiri. Baadhi yao walikuwa wameomba ruhusa kazini kwa saa chache tu. Niliwaona wakiingia magarini mmoja mmoja. Waliondoka bila kumzika.

Alasiri nilirudi mjini. Bi Rukia alikuwa ameshapigiwa simu. Nilianza kueleza: sikuambiwa, mwanawe hakushika simu, jina ndilo nililopewa. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Ni kweli sikukwambia," akasema. "Miaka yote mtu akinusa kafuri ya maiti dukani kwangu, hanena kitu, ajua. Hilo ni langu. Lakini mwanangu, uliniuliza maswali yote yale. Hata mara moja hukuuliza ni vya nini. Yale yote ulikuwa wamlinda nani?"

Niliitoa kadi yangu mfukoni, nikaitazama, nikairudisha.

"Watu huniamini siku zao mbaya," akaendelea. "Siwezi kumtuma mtu nikabaki nikiomba Mungu asisimame njiani kufikiri. Nenda salama."

Jioni nilifika Mutuini. Mjomba alikuwa nje akikata majani ya ng'ombe. Nilimsimulia yote, tangu Kinoo. Sikuacha hata mahali pa kunifedhehesha.

"Kwa hivyo mteja hakuna," akasema.

"Hakuna."

Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Aliufuta majani na kuutia mfukoni.

Nimewaandikia haya kwa sababu mmekuwa mkiuliza biashara yangu inaendeleaje. Nilichojifunza Karen ni kwamba zile sheria hazikuhusu mizigo hata kidogo. Zilikuwa zangu, za kunikinga nisilaumiwe, na kwa ajili ya sheria hizo nilimweka maiti akingoja ndani, nguo yake ikiwa nje ya lango lake mwenyewe. Jumatatu asubuhi niliisikia pikipiki ikiwashwa. Nililala nikiusikiliza mlio wake ukiteremka kuelekea stejini, kwenda kubeba abiria.