Mtoto Mmoja, Amekula, Hana Homa

Wiki za kwanza binti yetu alipanga foleni peke yake. Nikipakua ugali jikoni, alishika sahani yake ya plastiki akasimama mlangoni, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama anayeshika bega la mtoto mwingine. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nikimwambia, "Njoo, mama, chukua," hakuja. Alisubiri kwanza yule asiyekuwepo apewe.

Mume wangu ndiye aliyepata dawa. Alichukua sahani yake akaenda kusimama mbele ya mtoto, akachuchumaa ili bega lake lifikike. Nilimpakulia, akaondoka, mtoto akasogea. Ikawa hivyo kila mlo. Fundi mzima wa mageti, mikono imejaa makovu ya cheche, anapanga foleni jikoni kwake amechuchumaa.

"Fanya haraka bwana," nilimwambia siku moja, "unachelewesha watu."

"Subiri, mama mpishi. Mimi nimewahi hapa tangu asubuhi. Huyu wa nyuma ndiye anayesukuma."

Mtoto hakuelewa utani, lakini alituona tunacheka, naye akacheka, sahani ikaanguka.

Tulimchukua kutoka kituo cha watoto mkoani Iringa, akiwa ndiyo kwanza anaunga maneno mawili mawili. Mume wangu alikuwa Mhehe, kwao si mbali na Tosamaganga. Mimi ni Mnyakyusa, na nyumba yetu iko Iyunga, Mbeya, mahali ambapo malori ya barabara kuu unayasikia hata ukiwa umefunga madirisha. Tulikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na juu ya hilo sina zaidi la kusema. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo neno "kuasili" nililisikia mara ya kwanza kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Mambo ya mahakama yalipokwisha tulirudi nyumbani tukawaambia majirani tu kwamba tumepata mtoto.

Kituoni walimlea vizuri. Alikuwa msafi, mnene, na mwenye adabu kuliko watu wazima wengi. Ila alikuwa amezoea watoto wengi na mama wengi. Ukimkalisha kwenye poti, hakuinuka mpaka wote wamalize, na kwa kuwa hapakuwa na wote, mume wangu aligeuza ndoo akakaa pembeni yake, wakazungumza habari za mchana. Ukimbeba mgongoni alikaa mkavu kama kuni, mikono imening'inia, kwa sababu hakujua kwamba unayebebwa nawe unashika. Hilo nalo mume wangu alimfundisha. Alijifunga kitenge changu, akambeba mgongoni akaenda naye hadi kwenye karakana yake kule barabarani, na mafundi wenzake wakaacha kazi.

"Fundi, umejifungua lini?"

"Jana. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniletea uji."

Kesho yake mmoja alimletea uji kweli, kwenye chupa ya chai, akamwambia anywe wote maziwa yatoke. Mtoto ndiye aliyeunywa.

Na mume wangu, mtoto hakumwita baba. Kule alikotoka, wote waliomlea walikuwa wanawake, na mwanamume aliyemwona kila siku alikuwa mlinzi, anayefika jioni na tochi na koti kubwa. Mume wangu naye alifika jioni, na kwa baridi ya Mbeya alivaa koti. Basi akawa Mlinzi. Mimi ilinichoma kidogo. Yeye alifurahi kama aliyepandishwa cheo, akanunua tochi. Akifika alisimama nje ya mlango akamulika ukuta na kusema, "Kamwene," salamu ya Kihehe, na mtoto kutoka ndani alijibu, "Kamwene, Mlinzi," akikimbia hadi anajikwaa.

Lakini baada ya kumpokea Mlinzi, mtoto alikuwa na kazi nyingine. Alienda chini ya meza ya cherehani yangu, akachukua ndala zangu, akaniletea mguuni, moja moja. Kisha akanipungia mkono.

"Kwaheri, mama."

Sikuelewa. Nilidhani ni mchezo, nikampungia. Lakini nilipobaki pale pale ndani, alianza kuhangaika. Tulipomlaza alikaa kitandani macho yako mlangoni, halii, hasemi kitu, mpaka usingizi ukamwangusha mwenyewe akiwa amekaa. Ikaendelea hivyo, akaanza kukonda.

Mume wangu alifikiri, akakumbuka. Wakati ule tulipokuwa tunaenda kituoni kuzoeana naye, tuliona jinsi walezi walivyobadilishana zamu jioni. Mlezi anayeondoka alisimama mlangoni na kumwambia anayeingia hali ya kila mtoto: huyu amekula, yule ana homa amepewa dawa. Anayeingia alijibu, "Nimepokea." Ndipo wa kwanza alivaa viatu akaenda kwake. Mtoto wetu alikuwa akinisubiri nimalize zamu yangu.

"Simama hapo mlangoni," mume wangu aliniambia. "Nikabidhi."

"Nikukabidhi nini?"

"Mtoto. Nikabidhi mtoto, mke wangu, watu tulale."

Nikasimama mlangoni na ndala zangu mkononi, najiona mjinga. Nikasema, "Mtoto mmoja. Amekula. Hana homa."

"Nimepokea," akajibu, kwa sauti ya kiaskari.

Mtoto akajilaza palepale, akavuta blanketi, akalala. Kisha mume wangu akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika, mpaka ikabidi atoke nje.

Tangu siku hiyo tulikabidhiana kila jioni. Ukiruka neno moja, mtoto alikurudisha. Siku moja nilisahau homa, akaniambia kutoka kitandani, "Homa," kwa ukali wa msimamizi. Wakati mwingine mume wangu aliongeza ya kwake. "Mtoto huyu nimepokea, lakini ana alama ya kudonolewa na kuku gotini, haikuwepo asubuhi. Mama aliyetangulia ajieleze." Nami nilijieleza.

Lakini mimi sikuupenda mchezo ule moyoni kama yeye alivyoupenda. Nilitaka kitu kimoja tu kwa yule mtoto, ajue kwamba mimi siondoki. Mchana alikuwa wangu kabisa. Tulishinda pamoja, alikusanya vipande vya vitambaa chini ya cherehani akawavisha kuku, mmoja alizunguka mtaa mzima amevaa mkono wa blauzi na majirani walimrudisha wakiuliza kama mteja amelipa. Alijifunza kusema "ndaga" akimshukuru kila mtu, hata jogoo. Lakini jua likishuka aliniletea ndala, bila kinyongo, kama mtu anayejua dunia ilivyo. Nikamwambia, "Mama haendi. Mama anakaa hapa." Akaitikia vizuri, akanivalisha ndala.

"Acha," mume wangu alisema. "Siku moja atasahau kuzileta. Hatutaambiwa. Tutashtukia tu zimebaki chini ya meza."

Niliishi nikiisubiri jioni hiyo. Niliziacha ndala mahali palepale ili nisije nikajidanganya.

Mume wangu aliugua kichwa siku mbili tu. Alisema ni moshi wa kuchomelea. Siku ya tatu alianguka karakanani, na mafundi wenzake walimpeleka hospitali, na hakurudi. Walisema ni presha. Hatukujua kama anayo.

Tulimzika kwao Iringa, kwenye mvua. Ninaloandika sasa sijawahi kumwambia mtu. Siku za msiba ule zilikuwa siku nzuri kuliko zote za mtoto wetu. Nyumba ya ukweni ilijaa akina mama. Kulikuwa na masufuria makubwa, watoto wengi, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta na watu wanalala wamebanana. Kulikuwa na foleni ya chakula. Aliiona foleni ile akang'aa usoni. Akaingia, akashika bega la mtoto wa mbele, akageuka akauchukua mkono wa mtoto wa nyuma na kuuweka begani kwake. Baada ya siku moja watoto wote wa msiba walikuwa wakipanga foleni ya kituo, wanyoofu, kimya, na watu wazima waliokuja kulia walitazama wakatabasamu bila kutaka.

Alilala kwenye mapaja ya mwanamke yeyote. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye kona yangu ya mjane, namwona anapita, na hakunitafuta.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikaa karibu nami.

"Wifi, huyu mtoto haelewi?"

"Anamsubiri mlinzi."

"Mlinzi gani?"

Nilimweleza. Alilia, akafuta uso na khanga, akacheka kidogo, akalia tena. Kisha akasema, kwa wema, najua ilikuwa kwa wema, "Niachie mtoto hapa, wifi. Siyo moja kwa moja. Wewe upumzike, utafute maisha. Unamwona mwenyewe alivyotulia. Peke yako utamweza?"

Nilimtazama mtoto. Kweli alikuwa ametulia.

Siku ya kuondoka nilifunga mizigo yangu. Mtoto aliniona nimesimama mlangoni na begi. Akakimbia ndani, akarudi na ndala zangu, akaziweka miguuni kwangu, moja moja. Akanipungia mkono mbele ya watu wote.

"Kwaheri, mama."

Hakuwa na huzuni. Kwake zamu yangu imeisha, mama wengine wapo. Nilimwinua, akashangaa, akanyoosha mikono kwa wifi yangu, akaanza kulia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho Mbeya. Nilitoka naye hivyo hadi barabarani kama nimeiba mtoto wa watu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Niliogopa kurudi kwenye nyumba yetu ya Iyunga peke yangu, hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine safi zaidi ya kuandika hapa.

Nyumbani, jioni ya kwanza, aliketi akisubiri mwanga wa tochi ukutani. Nikamwambia Mlinzi amekufa, hatakuja tena. Akaitikia. Akaniletea ndala.

Nilivumilia jioni chache. Kisha nikaona anakaa tena macho mlangoni, usingizi unamwangusha akiwa amekaa, kama zamani. Basi nikasimama mlangoni nikasema, "Mtoto mmoja. Amekula. Hana homa." Nikavaa ndala, nikapita jikoni nikalichukua koti la mume wangu lililokuwa limetundikwa pale, nikalivaa, nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba gizani, nikaingia mlango wa mbele. Nikasema, "Nimepokea."

Alinitazama muda mrefu. Alijua ni mimi, si mjinga. Lakini neno lilikuwa limesemwa na mtu aliyetoka nje, na hilo lilimtosha. Akalala.

Ndivyo tulivyoendelea. Jirani aliyeniona nazunguka nyumba na koti la marehemu alimuuliza mwenzake kama nimechanganyikiwa, nami nilisikia, na sikuona cha kumrekebisha. Ile hamu yangu ya zamani, kwamba ajue siondoki, sikuweza tena kumwambia mtoto bila kujiona mwongo. Aliyeniambia tusubiri ndala zisahaulike hakuifikia jioni hiyo hata yeye. Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Watu huondoka, na kitu pekee unachoweza kudai ni kwamba waseme kwanza nani amekula.

Jioni moja ya baridi kali hakuniletea ndala.

Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, nimechoka, sina nguvu ya kuzunguka nyumba. Nilizitazama ndala, ziko chini ya meza ya cherehani. Nikasema moyoni labda ndiyo leo. Sikuinuka, nisiiharibu jioni ile.

Yeye alishuka kitandani. Aliburuta koti kutoka kwenye kiti, likamfunika hadi miguuni, akaenda kusimama mlangoni, mahali ninaposimama mimi. Akatazama nje, kwenye giza, akaongea na huko nje.

"Mama mmoja," akasema. "Hajala."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Akafikiri, akarudi, akaweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu kama walezi walivyomfanyia, akaenda tena mlangoni.

"Hana homa."

Kisha akasubiri. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lori lilikuwa linapanda kule barabarani, likabadilisha gia, likaenda zake. Lile neno la "Nimepokea" ningeweza kulisema mimi, lakini nisingeweza kujipokea mwenyewe mbele yake. Alisimama pale ndani ya koti, mkono mmoja umeshika mlango, akaanza kunitazama mimi na giza kwa zamu.

Niliinuka nikaenda jikoni. Ugali wa mchana ulikuwa umepoa na kukauka pembeni. Nikaula nimesimama, yeye akinihesabia matonge kwa macho, mpaka nikamaliza. Akageuka tena nje.

"Amekula," akarekebisha.

Nikaja nikasimama nyuma yake. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akauchukua wangu, akauweka begani kwake. Tukasubiri.