Keki Iliyokatwa Kabla ya Kulala

Juzi nilipita soko la Chepilat nikaona matunda damu, yale mekundu yenye umbo la yai, yamemwagwa juu ya gunia, yameiva hadi ngozi inalegea. Nikanunua ndoo nzima, mimi ninayeishi peke yangu. Usinicheke, rafiki yangu, nikueleze.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo, alipika keki moja tu kwa mwaka, ya Krismasi. Keki yenyewe ni ya Waaustria: nyeusi kwa chokoleti, inapasuliwa katikati na kupakwa jemu, kisha inafunikwa chokoleti tena hadi ing'ae. Alijifunza kuipika jikoni kwa mama mmoja wa huko, mke wa msimamizi wa shamba la chai. Jirani yetu, mama aliyetoka upande wa Kisii, alifanya kazi naye katika jiko hilo hilo. Walipoacha kazi wakagawana ile keki. Kogo alishika unga, mayai na chokoleti. Jirani alishika jemu, na kwa kuwa tunda la kizungu la jemu hiyo hatukuwa nalo, alitumia matunda damu. Hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake.

Oveni yetu ilikuwa sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Keki ikishapakwa iliwekwa kabatini ilale, kwani kogo alikuwa na sheria: keki haikatwi siku ya kupikwa. Kesho yake tuliila na mursik, maziwa yetu yaliyoganda kibuyuni, yale ya kijivu, badala ya krimu. Yule mama wa Austria angezimia.

Halafu ukaja mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, maneno yakaanza sokoni kwamba wageni, wasio wa kabila letu, warudi kwao. Wageni! Watu waliochuma chai pamoja nasi tangu kabla sijazaliwa. Naona aibu hadi leo. Jirani aliingia jioni na chupa yake ya jemu chini ya leso. Wakapaka, wakafunika.

"Ikate sasa, mama," jirani akasema. "Lori inakuja asubuhi."

"Haijalala."

"Najua. Na mimi nitaikula lini?"

Kogo akachukua kisu. Chokoleti haikuwa imeshika. Ilitiririka mezani, keki ikavunjika. Akaifunga nusu kwa kitambaa chake cha kanisa.

"Mwaka ujao nitaleta jemu," jirani akasema mlangoni.

"Na mimi nitawasha makaa."

Nusu yetu ilikaukia kabatini. Nilikuwa na hamu nayo, sikatai, lakini hakuna aliyethubutu kuiomba. Krismasi iliyofuata kogo aliwasha makaa kweli. Akapika, akaipasua, akaiacha wazi mezani mpaka jioni, akitazama njia. Kisha akaifunika bila kupaka kitu katikati.

Kogo alishatuacha, na jirani hatukumsikia tena. Chokoleti naijua, nilifundishwa. Jana nimechemsha ndoo yote ya matunda damu, na jemu imekataa kushika. Hakuna wa kumuuliza.