Mtani Aliyeshika Mwiko

Karakana ya makochi ya Mayunga iko mlango wa pili kutoka kwangu, na ukuta unaotutenganisha ni wa mabati. Mimi Mashimba natengeneza simu, kazi inayotaka macho na utulivu, na utulivu nimeukosa tangu Mayunga ahamie pale na nyundo zake. Lakini nikilalamika sana nitakuwa mnafiki. Umbea wote wa pale naupata bure, na bila mabati hayo nisingekuwa na habari za Minza za kukusimulia.

Minza alikuja Bariadi kutoka Mwamapalala akijua kushona tu. Ni binti mrefu, mpole, anayecheka huku ameziba mdomo, na akikunawisha mikono anapiga goti hata kama wewe ni rika lake. Kwa Mayunga alikuwa anashona foronya. Bujiku, seremala, anaunda fremu. Mayunga mwenyewe anabandika sponji na kuvuta kitambaa. Minza anamalizia mito, kisha anafagia maranda. Miaka ikaenda hivyo. Jioni, wakifunga kazi, nilikuwa namsikia akimwambia Bujiku kwamba anatamani siku moja atengeneze kochi zima kwa mikono yake, mtu alikalie na kusema hili ni la Minza. Bujiku, mtu mwema lakini maneno kwake ni mali, alikuwa anamjibu, "Hm."

Kisha ikaingia homa ya makochi ya vifungo. Unayajua: mgongo umejaa vifungo vilivyozama ndani ya sponji, na kati ya kifungo na kifungo kuna mikunjo inayounda umbo la almasi. Kila mwenye harusi akayataka. Mayunga hakuyaweza, na wateja wakaanza kuyaagiza Mwanza, yanapita mbele ya mlango wake juu ya fuso, yeye anayasindikiza kwa macho. Nilimwonea huruma, nikakaa kimya, kitu ambacho si desturi yangu.

Aliyemfungua macho ni Mwalimu Felisita wa Ngulyati, mwalimu mkuu mstaafu, mama ambaye wanaume wenye wajukuu bado wanamficha sigara. Binti yake alikuwa anaolewa, wakwe wanakuja, na alitaka seti nzima ya vifungo. Alimwambia Mayunga kwamba angependa pesa yake ibaki Bariadi, ila hataki vifungo vya kubandika na gundi, na hataki mtu ajifunzie kwenye makochi yake. Mayunga akaahidi kumleta fundi kutoka Dar.

Haikuwa ahadi hewa. Alimpata Chaurembo, fundi asiye na duka wala bosi, ambaye ofisi yake ni begi: leo yuko Kahama, kesho Musoma, anafanya kazi ya mtu na kuondoka. Mayunga alipatana naye kazi na mafunzo pamoja, halafu akawaita wafanyakazi wake. Nilisikia kila neno.

"Huyu atakaa nasi mpaka kazi ya Mwalimu iishe," alisema. "Akiondoka, ujuzi ubaki humu ndani. Atakayeuweza ndiye atakuwa fundi wangu wa makochi. Asipopatikana, biashara ya vifungo tuwaachie wenyewe wa Mwanza."

Bujiku akasema yeye na sindano hawajuani, mbao zinamtosha. Basi akabaki Minza peke yake, na siku ile alifagia maranda huku anaimba.

Sasa tatizo letu sisi Wasukuma ni mgeni. Mgeni akifika tunachanganyikiwa. Mayunga ni mtu aliyelelewa vizuri, pengine kupita kiasi, na hakuweza kuvumilia fundi wake akale mgahawani kama mtu asiye na wenyeji. Mke wake alikuwa Lalago kwenye kuvuna pamba. Mwanamke pale karakana alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo Chaurembo alipofungua begi na kutoa sindano zake ndefu, Minza alikuwa nyuma ya karakana anapepea mkaa. Alipopima mgongo wa kochi kubwa na kuchora mistari ya vifungo, Minza alikuwa sokoni anatafuta kuku. Kuku mwenyewe alichinjwa na mgeni, kwa kuwa ni Mwislamu, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee waliyomruhusu afanye bila kumwambia pole.

Chakula kilikuwa kizuri, sikatai, kwa sababu nami nilikuwa naalikwa. Wali, kuku, mboga kavu ya nsansa iliyoungwa karanga, maziwa mgando. Minza analeta, anapiga goti, ananawisha, anarudi jikoni. Hata alipopata dakika ya kusimama karibu na kazi, hakuuliza kitu, maana mgeni haulizwi kwa nini umefanya hivi, wala haambiwi hebu rudia sijaona. Vifaa vyake havikuguswa, kama vile vya mganga. Kochi kubwa likaisha, likapendeza hata mimi nikalionea wivu, na Minza alikuwa amejifunza idadi ya vijiko vya sukari anavyotaka fundi kwenye chai. Jioni ile hakuimba. Nilimsikia akimwambia Bujiku kwamba makochi madogo mawili yaliyobaki yatakwisha vilevile, na yeye atazeeka anashona foronya. Bujiku akasema, "Hm," lakini ya huzuni.

Niliudhika. Msemo tunao, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila nani angempa jembe mgeni wa Mayunga? Asubuhi yake Chaurembo akaniletea simu yake, haichaji. Nikiwa nasafisha tundu la chaji tukaongea, naye akakiri kwamba anaona aibu, amekuja kufundisha na ananenepeshwa tu. Nikamwuliza kwao ni wapi hasa, maana Dar si kwao mtu. Akasema Kisarawe, Mzaramo wa kuzaliwa.

Niliweka bisibisi chini. Wote walikuwa wanamwita fundi wa Dar. Mayunga, kwa heshima yake ile, hakuwahi hata kumwuliza kabila. Nilisubiri mchana, Minza alipokuja na sinia na kuanza kupiga goti, ndipo nikamwuliza kama anajua kwamba huyu anayempigia magoti ni Mzaramo.

Goti likaishia njiani.

"Mzaramo wa wapi?" Minza akauliza.

"Kisarawe," Chaurembo akajibu, na nikaona kwamba amekwisha kujua kinachomjia.

Asiyejua aelewe hivi: Mzaramo na Msukuma ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani si mgeni. Mtani unaweza kumnyang'anya kofia msibani na hakuna wa kukukamata. Minza alisimama wima, akanyanyua sinia lililokuwa limekwisha kutua mezani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka bila kuziba mdomo.

"Yaani mtumwa wangu kakalia kazi yangu, mimi nampikia kuku?" alisema. "Kesho mwiko utaushika wewe. Mimi nitashika sindano, na wewe utanielekeza ukiwa hapo hapo jikoni, moshi ukikuingia machoni."

Chaurembo akalalamika kwamba ugali wa Kisukuma ni mgumu, unafaa kujengea. Lakini alikuwa anacheka, na nafikiri kati yetu wote yeye ndiye aliyefurahi zaidi.

Kesho yake Mayunga alirudi kutoka kununua mbao akamkuta mgeni wake, fundi aliyempata kwa shida, amejifunga kanga kiunoni, anatokwa na machozi juu ya sufuria, na binti wa foronya amekaa kwenye kiti cha fundi. Alishika kichwa. Akaanza kumfokea Minza kwa Kisukuma, mpaka Chaurembo alipomweleza kwamba huyu ni mtani wake na hakuna mahakama itakayopokea kesi hiyo. Mayunga akaenda kupakua mbao. Kati ya watani mtu wa tatu hana kauli.

Tangu hapo mimi simu sikutengeneza, nilishinda mlangoni kwao. Jiko lilisogezwa hadi mlangoni, na ufundi ukafundishwa kwa matusi. Minza alianzia kufunga vifungo pembeni, kwa sababu mshonaji huanzia ukingoni, na alipofika katikati kitambaa kikamwishia. Chaurembo akamfumulisha vyote. Akamwambia aanzie katikati ili kitambaa kigawanyike pande zote, na kwamba anavuta uzi kana kwamba anavuta ndama. Minza akamjibu kwamba yeye anasonga ugali kana kwamba anachimba choo. Alipokunja, mikunjo ikatazama juu, akaambiwa aigeuze itazame chini, la sivyo vumbi la Bariadi litalala humo bila kulipia chumba. Na akauliza. Masikini, aliuliza! Kwa nini tundu la sponji liwe pana kuliko kifungo, kwa nini uzi wa nailoni, kwa nini pini hizi zinazobana uzi nyuma ya fremu zikae mshazari. Yote aliyokuwa ameyameza mbele ya mgeni alimtapikia mtani, na Chaurembo alijibu kila moja huku anakwangua ukoko.

Kochi dogo la kwanza walilifumua mara nyingi, na la pili Minza alilifunga mwenyewe bila mkono wa mtu. Na hapo hapo, mchana, bila hodi ya simu, akatokea Mwalimu Felisita.

Alimpita Chaurembo mlangoni na kanga yake, akamwitikia salamu kama unavyomwitikia mpishi, akaingia. Mayunga akatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Alikuwa ameahidi fundi wa Dar.

"Mwadila," Mwalimu alitusalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," wote wakaitikia kama watoto kwa mama yao, na Minza akapiga goti.

Mwalimu akapitisha kiganja kwenye kochi kubwa, akaridhika. Akapitisha kwenye dogo la kwanza, akaridhika. Kwenye la pili kiganja kikasimama.

"Hili kafunga nani?"

Mayunga akakohoa. Nilimwona anatafuta uongo, maskini, na hajauzoea.

"Mimi, mayu," Minza akasema.

"Kifungo hiki kimezama kuliko wenzake."

Mayunga akageukia mlangoni, akamwita fundi aje atazame. Chaurembo hakugeuka hata shingo.

"Bosi, nikiuacha ugali sasa hivi utaungua," alisema. "Fundi si huyo hapo?"

Minza akainama, akakitazama kifungo. Hakujitetea. Akasema ni kweli, alivuta sana, na kama Mwalimu ana nafasi akae atakirekebisha sasa hivi. Mwalimu akavuta kigoda, akashusha miwani, akamsimamia kama mtihani wa taifa. Minza akageuza kochi, akang'oa pini nyuma, akalegeza uzi kidogo kidogo, akarudi mbele, akafumua mikunjo yote inayokizunguka na kuikunja upya, ikitazama chini. Akagonga pini, akasimama kando.

Mwalimu Felisita akakaa. Akaegemea polepole, akasugua mgongo wake pale pale penye kile kifungo, akafumba macho muda mrefu hadi nikadhani amesinzia.

"Wabeja, fundi," alishukuru.

Akatoa simu, akaomba namba ya Minza kwa ajili ya mdogo wake wa Maswa, anayetaka seti kama hiyo. Halafu akakubali kula nasi, akaonja tonge moja la ugali, akamwambia Mayunga kwamba fundi amempata ila mpishi amrudishe kwao. Minza alikuwa analia, machozi yanadondoka kabisa. Chaurembo akamwambia asilie karibu na sufuria, ugali hautiwi chumvi. Nami nilifurahi siku ile kama vile binti ni wangu.

Seti ikapelekwa Ngulyati, na Chaurembo akabeba begi lake akaenda Kahama, kulikokuwa na kazi nyingine inamsubiri. Kesho yake mchana nikasikia harufu ya moshi nyuma ya karakana, nikachungulia nikitegemea kumwona Minza amerudishwa jikoni. Alikuwa ni Mayunga. Amechuchumaa, anapepea mkaa kwa kipande cha plaiwudi, majivu hadi kwenye nyusi. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu bila kuinua uso kwamba fundi wake ana kazi, hana muda wa kupika.